Waya Mmoja, Siku Mbili za Kununiana

Kuna ugomvi wa hela, kuna ugomvi wa simu za usiku, halafu kuna huu wangu wa mwezi uliopita: ugomvi wa waya.

Mimi nahariri video za harusi nyumbani. Kompyuta yetu ya mezani ilikuwa inatumia grafiki ya ndani, ile iliyomo kwenye prosesa, na kazi ikiwa nzito inakwama. Mume wangu akaniona ninavyohangaika, akachukua hela tuliyokuwa tunaweka kwa ajili ya kodi ya nyumba, akaninunulia kadi mpya ya grafiki Kariakoo. Sapraizi! Akaipachika usiku huohuo, tukawasha. Feni zinazunguka, taa zinawaka, monita nyeusi tii.

Hapo mdomo ukaniponza. "Umeuziwa feki! Na hela ya kodi ndiyo imekwenda." Hakunijibu. Akazima, akachomoa kadi, picha ikarudi. Akaipachika tena, giza. Tukalala tumepeana migongo. Siku mbili hatusemeshani, na maharusi wangu wanataka video yao Jumamosi.

Siku ya tatu akaja mdogo wake, fundi wa kompyuta. Hakugusa hata skrubu. Alizunguka nyuma ya boksi, akacheka. "Shemeji, waya wa monita mmeuacha kwenye madabodi." Kumbe kompyuta nyingi zikiona kadi mpya huizima grafiki ya ndani zenyewe. Kadi ilikuwa inatoa picha muda wote, sisi tunachungulia kwenye dirisha lililofungwa! Akahamishia waya kwenye matundu ya kadi yenyewe, picha hiyo.

Nikamwomba anifundishe, na ninyi nawapa bure. Zima kompyuta na uchomoe umeme kabla ya kugusa chochote ndani. Waya wa monita uende kwenye kadi. Kisha angalia umeme: tundu la kadi kwenye madabodi hutoa wati 75 tu, kwa hiyo kadi inayohitaji zaidi lazima iungwe na waya wake kutoka pawa saplai. Bado giza? Toa kadi, rudisha waya kwenye madabodi, ingia kwenye bayosi, tafuta panapochagua grafiki ya kuanza nayo, weka PCIe badala ya ile ya ndani, kisha rudisha kadi. Picha ikishakuja, weka draiva za kadi kutoka kwa mtengenezaji. Na kama programu yako bado inang'ang'ania grafiki ya ndani, Windows 11 ina ukurasa wa grafiki kwenye mipangilio ya skrini, unaichagulia kadi ya kutumia.

Shemeji alipoondoka, nikamwomba mume wangu msamaha kwa lile neno feki. Naye akakubali kwamba hela ya kodi si ya mtu mmoja kuitolea uamuzi, hata kama ni kwa mapenzi. Ukweli ni kwamba hicho ndicho kilichoniuma tangu mwanzo. Monita ilipata lawama za bure tu.

Kwa hiyo, shosti, kabla hujamwambia mwenzio kaibiwa, zungukeni wote wawili nyuma ya boksi mkaangalie waya. Ya hela yaongeleeni mezani, taa zikiwa zinawaka.

Tukutane mwezi ujao!