Wimbo wa Dakika Sita na Insha ya Usiku Mmoja

Imeota mizizi katika shule na vyuo vyetu ile imani kwamba utunzi ni kipaji tu, na kwamba aliyejaliwa huketi, akashika kalamu, na kazi ikamtoka ikiwa kamili kama yai. Wanafunzi wangu huniletea makala yaliyoandikwa usiku mmoja, na niwaambiapo wakayaandike upya hunitazama kana kwamba nimewatukana. Leo nitawatolea walimu na wanafunzi mfano usiotoka katika vitabu teule. Unatoka katika muziki wa roki, ambao walimu wenzangu wengi huuita makelele.

Mwaka 1975 bendi ya Queen ya Uingereza ilirekodi wimbo uitwao "Bohemian Rhapsody". Mtunzi wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mwana wa Waparsi. Alisomeshwa India, akarejea Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza.

Kazi ilianza mwezi Agosti katika studio ya Rockfield, karibu na mji wa Monmouth huko Wales, kisha ikahamishiwa studio nyingine kadhaa. Wenzake walipiga vipande bila kujua vizuri vingeunganaje, maana ramani ya wimbo ilikuwa kichwani mwa Mercury. Palipostahili sehemu ya opera, kanda iliachwa tupu ijazwe baadaye. Sehemu hiyo, ambayo haifiki hata dakika mbili, ilichukua takriban majuma matatu. Mashine ya kurekodia ilikuwa na njia 24 tu za sauti, nao walitaka kwaya nzima kutoka katika vinywa vya watu watatu: Mercury, Brian May na Roger Taylor. Basi waliimba wakazijaza njia hizo, wakazichanganya sauti ili kupata nafasi, wakaimba tena juu yake, siku baada ya siku, hata kanda ikachakaa kiasi cha kupitisha mwanga.

Wala hayo hayakuanzia studioni. Mwaka 2023, karatasi za Mercury zilipopigwa mnada na Sotheby's jijini London, ilionekana kwamba aliwahi kuandika "Mongolian Rhapsody", kisha akalikata neno la kwanza na kuandika jingine juu yake. Jina ambalo ulimwengu unalitamka kana kwamba halingaliweza kuwa jingine lilikuwa sahihisho!

Wapo wanaolisikia neno "Bismillah" ndani ya wimbo huo wakatangaza kuwa ni Unguja inayosema. Mimi ninasita. Mercury alizaliwa katika dini ya Zoroasta, na ingawa neno hilo hapana shaka lilimfikia masikioni katika vichochoro vya Mji Mkongwe, yeye mwenyewe hakupata kuueleza wimbo wake. Tusimsemee marehemu.

Wimbo ulipokamilika ulikuwa na urefu wa dakika 5 na sekunde 55, ilhali redio zilizoea nyimbo za dakika tatu hivi. Walishauriwa waufupishe, wakakataa. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, aliupiga mara 14 katika mwisho mmoja wa juma. Santuri ilitoka tarehe 31 Oktoba 1975 na kushika nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma tisa; ikairudia nafasi hiyo Mercury alipofariki mwaka 1991.

Sasa tujitazame. Katika KCSE mtahiniwa huandika insha mbili kwa saa moja na dakika 45. Mtihani una mipaka yake na siulaumu kwa hilo. Ninacholaumu ni sisi kuugeuza mtihani kuwa ndiyo namna pekee ya kuandika kwa miaka yote minne. Mwanafunzi huandika mara moja, hutiwa alama nyekundu, hufunga daftari. Ndiyo maana insha zetu hupambazuka kwa jogoo kuwika na ndege kutumbuiza: asiye na nafasi ya kurudia hukimbilia yale aliyokariri.

Najua mwalimu mwenye wanafunzi 60 darasani ataniuliza atazisahihisha rasimu hizo kwa mikono mingapi. Swali lake ni la haki. Lakini si lazima azisome zote. Kila muhula na iwepo insha moja tu inayoandikwa mara tatu: ya kwanza isomwe na mwanafunzi jirani, ya pili mwenyewe aisome kwa sauti mbele ya kikundi chake, ya tatu ndiyo impelekee mwalimu. Zile mbili za awali zisitupwe. Zibanwe kwa pini nyuma ya ile ya tatu, na mwalimu atoe alama chache kwa kila neno lililokatwa likapata lililo bora.