KUACHA SIMU NA KUNYIMWA SIMU

Intaneti ilizimwa nchini siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, ikarejea tarehe 3 Novemba. Hata huku kwetu Kibondo na Kasulu wapo wasemao kwamba siku zile zilikuwa neema, kwani vijana waliinua vichwa kutoka kwenye simu na akili zikapumzika.

Kauli hiyo inachanganya mambo mawili. Aliyefunga na aliyekosa chakula wote hawajala tangu alfajiri, lakini mmoja ametia nia na anajua saa ya kufuturu, ilhali mwenziwe hajui atakula lini.

Ama kupumzika kwa hiari, faida yake imepimwa. Mwezi Februari 2025 jarida la kitaaluma la PNAS Nexus lilichapisha utafiti wa watu 467 wa Marekani na Kanada waliokubali kufungiwa intaneti ya simu kwa wiki mbili. Takriban tisa katika kila kumi walipata nafuu katika jambo moja au zaidi: afya ya akili, furaha, au uwezo wa kuzingatia kazi. Muda uliookolewa waliutumia kukutana na watu, kufanya mazoezi na kutembea nje. Hata hivyo watu hao walijitolea wenyewe, waliijua siku ya mwisho, na waliachiwa kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi. Na pamoja na wepesi wote huo, wengi walishindwa kutimiza sharti!

Sasa mtazame mzazi wa Kasulu ambaye binti yake yuko chuoni Dar es Salaam. Amesikia kwamba huko watu wamepigwa marufuku kutoka nje usiku, na kila ujumbe anaotuma kwa WhatsApp haufiki. Huyo amepumzika nini? Akili yenye khofu haiachi pengo la habari likae tupu. Hulijaza kwa dhana mbaya, na uvumi wa sokoni huongezea. Vivyo hivyo mkimbizi wa Nyarugusu aliyeacha jamaa zake Uvira, vita vilipoingia huko Desemba 2025: kwake simu ndiyo habari ya uhai wao.

Kwa hiyo baba anayempokonya kijana simu kwa hasira asitarajie matunda ya utafiti ule. Atapata kijana mwenye kinyongo, anayewaza wenzake wanasema nini. Waketi pamoja wakubaliane muda, tuseme tangu Magharibi hadi baada ya Isha, na simu ya baba iwe ya kwanza kuwekwa kabatini, maana wazazi nao wamezama humo kuliko wanavyokiri. Ile simu ndogo ya tochi, vijana waiitayo kiswaswadu, ibaki mezani ikiwa imewashwa, ili aliye mbali akiwa na shida apokelewe.