Shahada Isiyotambuliwa ni Mshahara Uliozuiwa



Sisi tunaokaa Kasubi tunaishi karibu na vilima viwili vyenye sifa. Kimoja ni hiki chetu, walipozikwa Makabaka wanne wa Buganda. Cha pili ni Makerere, ng'ambo ya Nakulabye, kilipo chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Alfajiri tunashuka kwenda viwandani, na baadhi ya watoto wetu wanapanda kwenda kusoma. Ada inayowapandisha inatoka mikononi mwetu.

Mwenzetu mmoja, mama mshonaji wa kiwandani, alimsomesha binti yake mpaka akapata shahada. Alitumia mshahara, akakopa katika chama cha akiba, akauza na ndizi za shamba la kijijini. Binti akapata nafasi ya kuendelea na masomo ng'ambo. Chuo cha huko kikataka hati ya matokeo yake itumwe moja kwa moja na ofisi ya msajili wa chuo alikosoma, katika bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri. Hapo ndipo shida ilipoanza. Jina lililo katika shahada lilitofautiana kwa herufi moja na lile la pasipoti. Akaambiwa njoo kesho. Kesho ikawa wiki, wiki zikawa miezi minne, na nafasi ikapewa mtu mwingine. Leo binti huyo anauza nyanya sokoni. Kuuza nyanya si aibu, wengi wetu tumelelewa na nyanya. Aibu ni kwamba jasho la miaka mingi lilipotea kwa sababu ya herufi moja na karani asiyekuwa na haraka.

Wako watakaosema kwamba mambo ya shahada ni ya mabwana wa ofisini, na kwamba mchuma chai na mkata miwa hayawahusu. Sisi twasema yanawahusu sana. Mchuma chai anajua maana ya mizani. Akipeleka majani yake, na karani akaandika pungufu, kazi ya siku nzima imeibwa bila mtu kumgusa. Shahada nayo ina mizani yake. Makerere hupima alama kwa kipimo cha 5, na daraja la kwanza huanzia 4.40. Vyuo vingi vya Marekani hupima kwa kipimo cha 4. Anayesoma hati yetu bila kujua kipimo chetu aweza kumpunja mtoto wetu kama karani wa mizani. Ndiyo maana hati ya matokeo ni lazima iwe na maelezo ya kipimo, majina ya masomo yote na saa zake.

Hata historia yetu yaweza kuwachanganya wageni. Kabla ya 1963, shahada zilizosomewa Makerere zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 kikagawanyika, kila nchi ikachukua chake. Mzee aliyehitimu mwaka 1968 ana shahada ya chuo ambacho hakipo tena katika orodha yoyote ya leo. Shahada yake ni halali kabisa, lakini yahitaji barua ya msajili kuieleza.

Na tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Mjini Kampala iko Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa. Wengi wao ni wafanyakazi waaminifu kama sisi. Lakini mtaa huo umepata jina baya kwa sababu ya vyeti vya kughushi vilivyotengenezwa hapo. Kila cheti cha uongo kinachonunuliwa kinamwibia mtoto wa mfanyakazi aliyesoma kweli, maana ng'ambo humshuku hata mwenye haki. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Asitokee mwanachama wetu kumnunulia mwanawe karatasi ya namna hiyo.

Je, sheria yasemaje? Mwaka 1981 nchi za Afrika zilikutana Arusha zikapitisha mkataba wa kutambuliana shahada. Mwaka 2014 mkataba huo ulifanywa upya Addis Ababa, na ulianza kufanya kazi mwaka 2019. Mwaka 2019 UNESCO ikapitisha mwingine wa dunia nzima, ulioanza kufanya kazi mwaka 2023. Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kwamba elimu ya juu katika nchi zetu ni eneo moja. Msingi wa mikataba hii mipya ni kwamba anayekataa shahada ya mtu ndiye anayepaswa kuonyesha tofauti kubwa iliyopo. Sisi tunaijua kanuni hiyo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aliyemwachisha mtu kazi athibitishe sababu yake. Vilevile yampa mfanyakazi anayeacha kazi haki ya kudai cheti cha utumishi. Kama karatasi ya kazi ni haki yetu, karatasi ya masomo ni haki ya watoto wetu.

Lakini mkataba uliowekwa kabatini haumfikishi mtu popote. Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, kila chuo kitangaze ukutani siku za mwisho za kutoa hati ya matokeo, na zikipita bila hati kutoka, chuo kieleze sababu kwa maandishi. Pili, ada ya uhakiki iwe moja na ijulikane. Leo mtu hutoka kwa msajili, akaenda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, akaenda Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozini, na kila dirisha lina malipo yake. Anayetoka mashamba ya chai ya Fort Portal hulipa pia nauli na malazi. Tatu, chama chetu kidai mambo haya mezani pamoja na mishahara, maana ada za shule zinatoka katika mishahara hiyohiyo.

Wakati tunadai, tusikae bure. Linganisha jina la mtoto katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mitihani, kitambulisho na pasipoti kabla hajahitimu, si baada ya kuhitimu. Kama kuna kosa, lirekebishwe mapema kwa kiapo au kwa hati ya kubadili jina. Omba nakala zaidi ya moja za hati ya matokeo. Usimkabidhi wakala wa kazi za Ughaibuni shahada halisi, mpe nakala iliyothibitishwa. Wazee wetu waliofanya kazi Kenya wakati wa wakoloni walivaa kipande shingoni, na bwana ndiye aliyekitia saini. Karatasi ya mtu ikikaa mikononi mwa mwingine, na mwenyewe yumo mikononi mwake.

Na nakala zisikae nyumba moja. Tarehe 16 Machi 2010 tuliona kwa macho yetu nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi ikiteketea. Septemba 2020 moto ukaunguza Jengo Kuu la Makerere. Nyumba ya Kasubi imeinuka tena, na mwaka 2023 UNESCO iliitoa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu walikuwapo mafundi waliojua namna ya kuezeka. Karatasi iliyoungua haina fundi, isipokuwa kama nakala yake ilihifadhiwa mahali pengine.

Ndugu, mtoto akihitimu tunapiga ngoma na kuchinja kuku. Tufanye hivyo, ni halali yetu. Lakini Jumatatu yake tumpeleke kwa msajili akachukue hati, na akizungushwa, twende naye sisi wenyewe kama chama.

Umoja ni nguvu.