Mpira Usihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Vijana wapenzi, twawasihi msiutupe mpira kwa sababu tu mmeukuta umelegea asubuhi. Katika nyanda za Mbulu na kando ya Mlima Hanang, wenye kimo cha mita zaidi ya 3,400, baridi ya Juni na Julai hupunguza msukumo wa hewa iliyomo; jua likipanda, mpira hukaza tena. Hilo si tundu.

Ukilegea hata mchana, ujazeni upepo, kisha upakeni maji ya sabuni, mkianzia penye vali. Povu likifura hapo, huenda vali imekauka: lowesheni sindano kwa tone la glisirini, iingizeni na kuitoa polepole. Wala msiingize kamwe sindano kavu, kwani huirarua vali. Povu likifura penye mshono, mpelekeeni fundi viatu aufumue, azibe mpira wa ndani kwa kiraka cha baiskeli, kisha aushone.

Mpira ulionunuliwa kwa michango ya wengi ni amana. Kuutupa kwa tundu lisilozidi ncha ya sindano ni israfu, na watakaokosa mchezo ni wadogo zenu.