Kota Si Roho Mbaya, Kota ya Siri Ndiyo Mtego

Wasee, tuongee kuhusu kitu ambacho hakuna mtu hutaka kukiongelea hadi kiharibike: nafasi kwenye diski ya pamoja. Ile seva ya chuo mnatumia watu mia tatu. Ile Drive ya klabu. Ikijaa, kila mtu anauliza "nani amejaza?" na hakuna anayejibu.

Msimamo wangu ni huu: kota, yaani kiwango cha mwisho cha nafasi ambacho kila mtu amepewa, ni kitu kizuri. Shida yangu ni kota ya siri, ile unakuja kujua iko siku inakukaba shingo.

Fikiria tangi la maji la ploti. Msee wa ghorofa ya tatu anaosha mazulia kila Jumamosi asubuhi, na kufika saa sita mifereji ya wengine wote imekauka. Hana roho mbaya. Haoni tangi, basi. Anaona tu maji yanatoka. Diski nayo iko hivyo hivyo. Unapakua data, unahifadhi video, kila kitu kinaingia poa hadi dakika ile kinakataa. Na hakikatai kwa adabu. Kuna programu ambazo zikihifadhi hufuta kwanza faili ya zamani ndio ziandike mpya. Nafasi ikiisha hapo katikati, unabaki na faili yenye jina zuri na baiti sifuri ndani. Projekti ya muhula mzima imeenda. Na anayepoteza mara nyingi si yule aliyejaza.

Cha kushangaza ni kwamba dawa ya hii shida ni ya zamani kutuliko. Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, aliandika mfumo wa kota ulioingia kwenye 4.2BSD, toleo la Unix la 1983. Wazo hilo bado liko kwenye Linux leo. Kuna mipaka miwili. Mpaka laini ukiupita, bado unaandika, lakini unapewa siku za kujipanga, kawaida 7, usafishe. Mpaka mgumu ukiufikia, huandiki kitu. Tena kuna kota ya ukubwa na kota ya idadi ya faili, kwa hivyo mtu mwenye vifaili laki mbili vidogo anaweza kukwama na bado ana gigabaiti kibao.

Ona hekima iliyo hapo: onyo kwanza, muda wa kujipanga, halafu ndio mlango ufungwe. Sasa niambie, ni mifumo mingapi unayotumia inakufanyia hivyo? Kuna mahali mpaka laini haupo kabisa, ama onyo linatumwa kwa barua pepe ambayo hakuna mwanafunzi huifungua.

Na enzi ya "nafasi bila kikomo" imeisha. Google walitangaza 2021 kwamba vyuo na shule zinazotumia huduma yao ya elimu zitapata terabaiti 100 za pamoja badala ya nafasi isiyo na mwisho. Inasikika nyingi, si ndio? Gawanya kwa wanafunzi 20,000. Kila mtu gigabaiti 5. Hiyo ni video chache tu za simu.

Kwa hivyo napendekeza hivi: kila kundi linalotumia diski moja lione orodha ya nani anatumia kiasi gani. Wazi, kila wiki. Najua kuna mtu atasema hiyo ni kuaibisha watu. Sikubali. Ukubwa wa folda yako hausemi kuna nini ndani. Hakuna anayetaka kusoma faili zako, tunataka tu kuona tangi. Na orodha ikiwa wazi, anayefanya animesheni ama data ya jenetiki anaweza kusema mbele ya wote, "Mimi nahitaji zaidi, na sababu ni hii," akaongezewa. Kugawa sawa kwa wote si lazima iwe haki.

Wengine watasema, si admini aweke tu skripti ifute vitu vya zamani? Pole, hapo nakataa kabisa. Desemba 2021 kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, ilipoteza takriban terabaiti 77 za data. Skripti ya bakapu iliyopaswa kuondoa logi za zamani ilifuta faili za watafiti. Vikundi 14 viliguswa, na si vyote vilirudishiwa data. Mashine haijui faili gani ni ya maana kwako. Wewe ndio unajua.

Na hapo ndipo nasi watumiaji tuache kulia. Kuangalia kunachukua dakika moja. Kwenye Linux, quota -s inakuonyesha kiwango chako kama kota imewekwa, df -h inaonyesha diski nzima, na du -sh ikifuatwa na jina la folda inakuambia uzito wake. Usisahau folda zilizofichwa, hasa .cache, ambayo hunenepa kimyakimya. Na ukifuta kitu kikaenda kwenye pipa la taka, bado kinahesabiwa hadi umwage pipa. Kwenye Drive ni vilevile. Gigabaiti 15 za bure unazopata huko zinagawanywa na Gmail na picha zako.

Admini, tuonyeshe tangi. Sisi wengine, tuliangalie kabla mfereji haujakauka. Na kama unajijua ni wewe wa mazulia, anza kusafisha leo, usingoje Jumamosi.