Korea ya Kusini na Mabinti Wasiozaliwa

Kila ujapo mjadala wa kupungua kwa uzazi, lawama huwaangukia wanawake upesi: eti wameipenda mno kazi na starehe, wakasahau ulezi. Historia ya Korea ya Kusini yakanusha dai hilo.

Mwaka 1960 mwanamke wa nchi hiyo alikadiriwa kuzaa watoto sita maishani mwake. Mwaka 1962 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi, ikahubiriwa hadi vijijini kwamba familia ndogo ndiyo njia ya maendeleo. Ilipofika 1983 wastani ulikuwa umeshuka chini ya 2.1, yaani kiwango kinachokiwezesha kizazi kimoja kujaza nafasi ya kilichotangulia. Hata hivyo siasa ya kupunguza uzazi haikubadilishwa mpaka 1996. Mwaka 2023 wastani ulifika 0.72, ule wa 2024, yaani 0.75, ulipokewa kwa shangwe.

Lipo jambo la hesabu ambalo wengi hulisahau. Familia zilitakiwa ziwe ndogo, nazo zilitamani mrithi wa kiume. Basi mashine za kupiga picha za tumboni zikatumiwa kuwatambua mabinti, na mimba zao zikatolewa, ingawa tangu 1987 sheria ilimkataza daktari kuwafunulia wazazi jinsia ya mtoto. Mwaka 1990 walizaliwa wavulana 116.5 kwa kila wasichana 100, ilhali kwa maumbile wavulana huwa kama 105. Mabinti waliokosekana wakati ule ndio wangekuwa mama wa leo. Watoto wapatao milioni moja walizaliwa mwaka 1970. Mwaka 2023 walikuwa 230,000 tu, na miongoni mwa hao ndimo watakamotoka wazazi wa kesho. Kwa hiyo hata kila mwanamke akiongeza mtoto mmoja, idadi ya watu itaendelea kupungua kwa miaka mingi.

Wapo wanaotamani amri. Romania ilipiga marufuku karibu utoaji wote wa mimba mwaka 1966. Mwaka uliofuata watoto walikaribia kuwa mara mbili, kisha uzazi ukaanza kushuka tena. Na maelfu ya wanawake walikufa kwa kutoa mimba kwa siri kabla amri ile haijafutwa Desemba 1989.

Serikali ya Korea imechagua fedha, nayo imetoa posho nyingi tangu 2006. Lakini posho hununua maziwa. Hairudishi mshahara wa mama aliyeacha kazi, katika nchi ambamo wanawake hulipwa pungufu ya wanaume kwa karibu theluthi moja, nyumba za Seoul ni ghali kupindukia, na mtoto hupelekwa masomo ya ziada hadi usiku. Likizo ya uzazi kwa baba imo katika sheria, tena ndefu kuliko ya nchi nyingi. Baba wengi hawaichukui, kwa kuchelea jicho la msimamizi wao.