Maua Hayalipi Nyumba

Wasee wangu, leo nimekuja na moto kidogo. Mnisamehe mapema.

Kuna misemo miwili nimechoka nayo. Wa kwanza ni "wapewe maua yao". Wa pili ni "walikuwa mbele ya wakati wao". Kila wiki kuna mtu anachimbua bendi ya kitambo iliyodumu miaka michache ikapotea, anaposti kipande cha sekunde thelathini, na sisi wote tunajaa kwa komenti na maua. Maua, maua, maua. Halafu tunaenda kulala tukijiona watu wa maana sana kwa muziki.

Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo. Nitawaambia nini ilinitoa huko, lakini kwanza niwapee stori ya bendi moja, ju bila hiyo stori mtadhani nina hasira za bure.

Bendi inaitwa Mellow Candle. Kama hujawahi kuiskia usijali, karibu kila mtu hajawahi. Ilianza Dublin, Ireland, na wasichana wa shule ya masista. Clodagh Simonds, Alison Bools na Maria White. Si wanamuziki wa kusomea, ni wasichana wa shule tu wanaoimba pamoja. 1968 wakatoa santuri yao ndogo ya kwanza, "Feeling High". Clodagh alikuwa na miaka 15. Hebu fikiria wewe ukiwa na 15 ulikuwa unafanya nini. Mimi nilikuwa naficha simu kwa godoro la bweni.

Hiyo santuri haikuuza. Maria akatoka. Wale wawili wakabaki, na baadaye wakaongeza wanaume watatu: Dave Williams kwa gitaa, Frank Boylan kwa besi, William Murray kwa drams. 1972 wakatoa albamu, Swaddling Songs, chini ya Deram, tawi la ile kampuni kubwa ya Decca ya London. Nyimbo 12. Haikuuza pia. Kufika 1973 bendi ilikuwa imevunjika. Albamu moja, kwisha.

Sasa iskize hiyo albamu, maze. Ni roki, gitaa la umeme na drams zinagonga, lakini ndani yake kuna nyimbo za kiasili za kwao na harufu ya kanisa. Piano inakimbia. Juu ya hiyo piano kuna sauti mbili za kike, na hapo ndio utamu wote uko. Haziimbi ile ya mmoja mbele na mwingine anamjibu nyuma. Zinasukana kama nywele, hii inapita juu, ile inapita chini, mpaka unapoteza nani ni nani. Kuna wimbo unaitwa "Sheep Season" ambao sauti zinanyamaza katikati na vyombo vinaendelea vyenyewe kwa muda mrefu, na husumbuki hata kidogo. Nimeiskiza kwa matatu, nimeiskiza nikifua, nimeiskiza usiku stima ikiwa imepotea. Haijawahi kunichosha.

Basi watu wakifika hapo kwa stori ndio wanatoa ule msemo: "Aki walikuwa mbele ya wakati wao."

Uongo. Na si uongo mdogo.

Angalia miaka yenyewe. Fairport Convention wa Uingereza walikuwa wametoa Liege & Lief mwaka wa 1969, nyimbo za mababu zikipigwa na gitaa la umeme, na ikaingia albamu ishirini bora za nchi yao. Steeleye Span, bendi nyingine ya njia hiyo hiyo, 1973 waliingiza kwa chati za Uingereza wimbo wa Kilatini usio na chombo hata kimoja. Kilatini! 1975 wakapanda mpaka nambari 5 na wimbo wa kiasili. Kwa hivyo watu walikuwa tayari kununua huo muziki. Mellow Candle hawakuwa mbele ya wakati. Walikuwa ndani ya wakati wao kabisa, katikati, saa sita mchana.

Sasa njoo na Dublin yenyewe. Mwaka huo huo wa 1972, bendi nyingine ya hapo hapo, Horslips, ilitoa albamu yake ya kwanza. Nao walikuwa wanachanganya nyimbo za kiasili za Ireland na roki. Lakini Horslips walianzisha kampuni yao wenyewe ya rekodi, wakaiita Oats, wakajitolea albamu. Ireland ikaipokea kwa mikono miwili, na bendi ikaendelea mpaka 1980. Mji ule ule, mwaka ule ule, aina ile ile ya muziki. Wamoja walisubiri ofisi ya London iwaamulie, wengine walishika mpini wenyewe. Sisemi hiyo ndiyo sababu peke yake. Nasema tu huwezi kulaumu "wakati" ikiwa jirani yako alikula kwa wakati huo huo.

Na kuna huyu, ambaye mnamjua wote: David Bowie. Albamu yake ya kwanza kabisa aliitoa 1967, na aliitolea wapi? Deram. Kampuni ile ile. Ikaanguka vibaya. Lakini Bowie akapata kampuni nyingine, akapata albamu ya pili, ya tatu, ya nne. Alipotoa ile ya Ziggy Stardust iliyomfanya nyota wa kweli, mwaka ulikuwa 1972. Yaani mwaka ule ule ambao Mellow Candle walikuwa wanatoa ya kwanza yao na ya mwisho. Bowie alianguka 1967 akapewa miaka mitano ya kujaribu tena. Hawa walianguka 1972, na mwaka uliofuata bendi haipo.

Angekatwa 1967, leo tungekuwa tunamwekea maua kwa komenti: "Huyu Bowie jamani, alikuwa mbele ya wakati wake."

Ndio maana msemo huo unanikera. Unasafisha kila mtu. Kampuni haina makosa, ni wakati. Watangazaji hawana makosa, ni wakati. Wale walioenda shoo wakakunywa, wakapiga makofi na hawakununua santuri, hawana makosa pia, ni wakati. Huyo "wakati" ni nani? Hana uso, hana mfuko, huwezi kumdai.

Tuje kwa maua sasa.

Unajua santuri za kwanza za Swaddling Songs zinaenda ngapi siku hizi? Mamia ya pauni, na nakala safi zinapita elfu moja. Piga hesabu kwa shilingi zetu, hiyo ni zaidi ya laki moja unusu. Kwa santuri moja! Ile ile ambayo hakuna aliyeitaka ikiwa mpya dukani. Na ile chapaa inaenda kwa nani? Kwa aliyekuwa nayo kwa kabati. Ni kama mtumba: ukinunua koti Gikomba, aliyelishona halambi hata shilingi. Kwa hivyo tunavyozidi kusifu, bei inazidi kupanda, na anayeshiba ni mwenye kabati.

Mtu ataniambia, "Lakini muziki umebaki, si hiyo ndiyo maana ya sanaa?" Sawa, muziki umebaki. Miaka ya 90 ilitolewa tena kwa CD, hata rekodi zao za majaribio zikatolewa kama albamu, The Virgin Prophet. Nafurahi, ndiyo maana mimi wa Nairobi naweza kuiskiza. Lakini wewe unaongea kana kwamba hao watu walikufa! Clodagh aliimba kwa albamu za Mike Oldfield, na miaka thelathini na kitu baadaye akaanzisha Fovea Hex, muziki wa ajabu na mzuri, ambao Brian Eno mwenyewe alishiriki. Alison alihamia Afrika Kusini na Dave Williams, wakaunda bendi nyingine huko, Flibbertigibbet, wakatoa albamu 1978. Hao wanawake waliendelea kufanya kazi. Lakini sisi tunapenda ile moja tu iliyofeli, ju stori ya kufeli ni tamu. Msanii aliyezikwa hakusumbui. Aliye hai ana shoo Ijumaa na kiingilio ni mia tano.

Na msidhani haya ni mambo ya wazungu. Hapa kwetu miaka ya 70 na 80 Nairobi ilikuwa na bendi nyingi zilizotoa santuri ndogo moja mbili zikapotea. 2013 kampuni ya London, Soundway, ilikusanya baadhi ya hizo nyimbo ikatoa Kenya Special. Kazi safi sana, siwalaumu. Najiuliza tu, mbona ilibidi atoke mtu London? Sisi tulikuwa wapi?

Mimi najua nilikuwa wapi. Hapa ndipo ninaposhikwa.

Nina rafiki tuliyekua naye mtaa mmoja hapa Nairobi. Walikuwa na bendi ya watu wanne: nyatiti, gitaa la umeme, besi na drams. Wanaimba Dholuo, wanaingiza Sheng, halafu nyatiti inaingia na ile kelele ya gitaa na nywele zinakusimama. Siwataji jina, hawakuniomba niwataje. Walidumu mwaka mmoja na nusu hivi.

Niliwaposti mara nyingi. Nilikuwa shabiki nambari moja wa maneno. "Hawa watu wapewe maua yao." Shoo yao ya mwisho kiingilio kilikuwa 500. Sikuenda. Nilimwambia niko sota, na jioni hiyo hiyo nikakaa na maboyz tukiangalia mechi, nyama na soda, nikatoa 900 bila kuskia uchungu. Kesho yake nikaposti tena maua kwa video ya shoo ambayo sikuenda.

Akanitumia ujumbe mfupi: "Maua nimeona. Wewe ulikuwa wapi?"

Watu kumi na moja ndio walikuwa wamelipa. Miezi miwili baadaye waliuza gitaa na spika kulipa nyumba, na bendi ikaisha hapo. Hakukuwa na vita, hakukuwa na drama. Sai anabeba mizigo na boda. Tukikutana tunaongea tu mpira.

Ukiniuliza kama walifeli, nitakataa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili ju ya karo, na najua vile watu wa nyumbani wanatamka "alishindwa". Wanatamka haraka, ili wasiulize nani alitakiwa kusaidia na hakusaidia. Kitu kikidumu muda mfupi si lazima kiwe kilikuwa kibovu. Mara nyingine ni watu kumi na moja walilipa, na wa kumi na mbili alikuwa mahali anakula nyama.

Najua mtasema hatuna pesa. Ni kweli, hali ni ngumu, sitawadanganya kwamba kila mtu ana 500 ya ziada. Lakini hebu kila mmoja wetu aangalie M-Pesa yake ya mwezi uliopita, polepole, mstari kwa mstari, halafu aseme tena hana. Mimi niliangalia yangu. Niliona aibu.

Na kama kweli huna, kuna vitu havihitaji pesa. Mlete mtu mmoja mwenye nazo. Beba spika. Piga picha nzuri za shoo uwape bure. Mwambie mwenye kilabu ulikuja kwa sababu ya bendi, si kwa sababu ya bia, ju hiyo ndiyo kitu pekee anaangalia akiamua kama atawaita tena.

Na nyinyi wenye bendi, someni stori ya Horslips. Msisubiri ofisi ya mtu iwaamulie. Rekodi iwe yenu, jina liwe lenu, makaratasi myasome kabla ya kalamu kugusa.

Swaddling Songs iskizeni usiku wa leo, yote, kuanzia mwanzo. Ni nzuri sana. Lakini wikendi hii kuna watoto fulani mahali fulani hapa Nairobi watapanda stejini mbele ya viti vitupu. Tafuta wako wapi, lipa, ingia, keti mbele. Mimi nimeshalipa ya Jumamosi. Kama uko na bendi na una shoo, weka mahali, saa na kiingilio hapo chini.

Maua msiweke. Weka bei.